Ya Pili Iliyoitwa ya Kwanza

Uingereza, mwezi wa saba, 2004

Mama yangu mpenzi,

Wavukire, Mama. Namsifu Yesu Kristo pamoja nawe, ingawa huku namsifu peke yangu, maana parokia iko mbali na basi la Jumapili huja likipenda. Mgongo wako unasemaje? Kasereka aliandika kwamba siku hizi unapalilia ukiwa umekaa kwenye kibao. Na bati la jikoni, lile lililotobolewa na risasi, limezibwa au bado mnaweka sufuria chini yake mvua ikinyesha? Mimi ni mzima. Nakohoa kidogo tu. Baridi ya huku, hata sasa ambapo wanasema ni kiangazi, ni ile ya asubuhi ya Alimbongo, ila Alimbongo jua likipanda mtu anavua koti.

Kasereka, mdogo wangu, wewe ndiye unayesoma. Soma polepole, tena usiruke. Nakujua. Ukifika mahali pabaya huwa unakohoa, halafu unahamia kwenye salamu. Safari hii ukikohoa, Mama akunyang'anye barua ampe Masika, binti wa marehemu kaka yetu, aendelee, maana naona ameshajua kusoma. Nataka Masika awepo, na mama yake Kavira awepo, na Baba Kakule aitwe. Kama hawapo, ikunje karatasi hii uwangoje.

Barua yenu niliipata. Mmeniambia kwamba mmetoa matanga ya kaka yetu Paluku, baada ya kungoja miaka mitatu njia zitulie na watu waweze kukusanyika. Nashukuru kwa misa na kwa wote waliokuja. Mmeniambia pia kwamba baada ya misa wazee walikaa, na Baba Kakule, baba yetu mdogo, akasema nyumba haiwezi kubaki bila wa kwanza, na kwamba sasa wa kwanza ni mimi. Nyumba ya bati aliyoijenga marehemu Baba hapo mtaani Rughenda, ambamo Paluku aliishi na mke wake na watoto, itawekwa kwa ajili yangu. Kavira atarudi kwao Beni, au akitaka atahamia kwenye ile nyumba ya jikoni. Mnangoja tu niandike ndiyo, kabla ya kuvuna maharagwe.

Jibu langu limo humu. Lakini kuna jambo nimelificha muda mrefu, na nikilitaja jibu tupu bila jambo hilo, mtasema ni unyenyekevu wa mtu aliyeko mbali. Mimi si mnyenyekevu. Sikilizeni.

Chini ya barua yenu, baada ya salamu zote, kulikuwa na mstari mmoja wa mkono mwingine, herufi zimelala kila upande. «Baba mudogo, ekipe yako ingali ya kwanza? Ni mimi Masika.» Niliusoma mstari huo wa kuulizia timu yangu nikiwa jikoni, nimepika maharagwe. Maharagwe yale niliyatupa, sikuweza kula.

Nianze na habari za kazi, maana huko ndiko jambo lenyewe lilikoanzia. Mnajua nafanya kazi kwenye uwanja wa mpira. Sijawahi kuwaeleza vizuri ni kazi gani. Nafagia majukwaa, naosha vyoo, napaka rangi milango, nachomeka bendera za kona. Msimamizi wangu ni mzee mmoja anayeitwa Len, mtu wa maneno machache, ambaye hunywa chai tangu asubuhi mpaka jioni na sijui hula saa ngapi.

Wiki iliyopita Len alinipa ngazi na kisu cha kukwangulia. Akasema kazi ya leo ni kuondoa jina. Nikauliza jina la nani, nikidhani kuna mchezaji aliyehama. Akasema jina la ligi. Wakuu wa mpira wa huku wamekaa wakaamua kwamba Divisheni ya Kwanza, ambamo timu yetu inacheza, isiitwe hivyo tena. Kuanzia msimu huu inaitwa Championship, yaani humo ndani wote wanagombea ubingwa. Iliyokuwa Divisheni ya Pili sasa inaitwa League One, Ligi ya Kwanza. Iliyokuwa ya Tatu inaitwa League Two, Ligi ya Pili. Na juu ya hizo zote kuna nyingine, ya wakubwa wenyewe, inaitwa Premier. Kasereka, rudia hapo mara mbili, najua Baba Kakule ameshakunja uso.

Hesabuni basi. Premier ndiyo ya kwanza kweli. Championship ni ya pili. Inayoitwa ya Kwanza ni ya tatu, na inayoitwa ya Pili ni ya nne. Halafu ni hao Wazungu waliotufundisha kuhesabu.

Kwenye chai Len alinieleza habari yote, na ni mara chache sana anaeleza kitu. Alipokuwa mtoto mambo yalikuwa wazi: ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, ya Nne. Baba yake yeye alikuta ya Tatu imekatwa vipande viwili, ya Tatu ya Kaskazini na ya Tatu ya Kusini, mpaka walipovichanganya vipande hivyo na kuzaa ya Nne. Kisha mwaka 1992 timu kubwa zikajitoa, zikajiita Premier, na zile zilizoachwa zikapandishwa jina bila zenyewe kupanda. Ya Pili ikaitwa ya Kwanza, ya Tatu ikaitwa ya Pili, ya Nne ikaitwa ya Tatu.

«Tulilala Divisheni ya Pili, tukaamka Divisheni ya Kwanza,» Len akasema, «na hatukufunga hata bao moja.»

Mama, umesikia mwaka? Ni 1992. Mimi huku nilifika miaka mitano baadaye. Timu ninayoifagilia haijawa ya kwanza hata siku moja tangu niijue.

Nilifika, kama mnavyokumbuka, mwaka ule nchi yetu ilipobadilishwa jina. Pasipoti yangu ilisema Zaïre. Afisa pale uwanja wa ndege akapekua orodha yake juu mpaka chini, kisha akaniambia nchi hiyo haipo. Nilitoka Butembo nina nchi, nikafika sina, na njiani sikuwa nimefanya kosa lolote. Nilimwambia ni nchi ileile, milima ileile, wameigeuza jina tu. Akaniambia ningoje kwenye benchi. Nilingoja sana.

Nilipopata kazi hii nikawaandikia: nafanya kazi katika timu ya Division One. Niliandika kama nilivyosoma ukutani. Hapo sikuwadanganya, maana hata mimi niliamini ndivyo ilivyo.

Paluku aliisoma barua ile uani pa kanisa baada ya misa ya pili. Wewe ulikuwepo, Mama. Kisha akaniandikia, na barua yake ninayo mpaka leo, mwandiko wake ule wa mwalimu usiotoka nje ya mstari. Aliandika: «Kambale, batu bote ba Rughenda banakuulizia. Nimebaambia mudogo wangu iko mu première division ya Angleterre, hapana ile ya chini, mu première! Mama alilia juu ya furaha. Sasa hata mimi bananitia jina, beko nasema: ule ni grand frère ya Kambale.»

Grand frère ya Kambale, yaani kaka mkubwa wa Kambale. Niliisoma sentensi hiyo mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo.

Ninyi mnayajua maisha yangu. Nimezaliwa wa pili, na jina langu linalitangaza hilo kabla sijafungua kinywa. Kuanzia Lubero mpaka Beni, mtu akisikia Kambale anajua kwamba mbele yangu yuko mwingine. Suruali zangu zote zilianzia kwa Paluku. Kitanda changu kilikuwa chake. Walimu waliniambia kaka yako hangekosa swali hili. Yeye alisoma mpaka akawa mwalimu wa Kifaransa, mimi niliachia njiani nikawa napakia viazi kwenye malori. Sikumchukia, Mungu anajua. Lakini kwa mara ya kwanza mtu alikuwa anamtambulisha Paluku kwa jina langu, na utamu wake sikuwahi kuuonja kabla.

Wiki chache baadaye nilimuuliza Len kwa nini timu yetu haitajwi pamoja na zile kubwa za redioni. Akanionyesha kwa kidole, juu ya meza, Premier iko hapa na sisi tuko hapa. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikajiambia kwamba kesho nitamwandikia Paluku kumsahihisha. Ile kesho niliiahirisha, na nyingine, na nyingine.

Sasa Kasereka, unamkumbuka Muhindo, fundi wa redio wa hapo Rughenda, karibu na uwanja wa ndege. Yeye alikuwa anasikiliza matokeo ya mpira kila Jumamosi, na akaanza kusema timu ya Kambale haisikiki. Alisema ligi ya juu inaitwa Premier, na humo timu ile haimo. Paluku akamjibu mbele ya watu, mliniandikia wenyewe jinsi alivyomjibu:

«Muhindo, weye ulisomea wapi? Premier ni nini kwa Kifaransa? Ni wa kwanza. One ni nini? Ni moja. Donc Premier na Division One ni kitu kimoja, ile inasema Kifaransa, ile inasema Kiingereza. Hapana kusumbua batu.»

Watu walipiga makofi. Na wangeachaje? Mwingereza hawezi kukosea hivyo, hata mtoto wa huku hawezi. Lile ni kosa la mtu aliyefundishwa Kifaransa vizuri na mapadri, akakifundisha vizuri kwa wengine, na katika Kifaransa chake premier haijawahi kuwa kitu kingine ila wa kwanza. Lakini Paluku alikuwa mtu wa haki. Rohoni alibaki na shaka, akaniandikia faraghani. Akaniuliza: «Mudogo wangu, ni ile ya juu kabisa? Niandikie ndiyo ao hapana, nitaamini weye.»

Nilikaa na barua hiyo siku mbili. Kisha nikaandika: «Kaka, ni Divisheni ya Kwanza, imeandikwa ukutani.» Sikuandika ndiyo, sikuandika hapana. Kila neno la sentensi ile lilikuwa la kweli, na nilimdanganya nayo ndugu yangu wa tumbo moja.

Usikohoe, Kasereka.

Aliamini, kama alivyosema ataamini. Akaandika tena: «Basi tuma ba maillot ya ekipe, batoto ba Rughenda bavae, tumufunge Muhindo kinywa mara moja.» Ndipo nikamwomba Len jezi za zamani, akanipa gunia zima, zimefuliwa mpaka rangi imepauka, na kwenye mikono zimeshonwa alama ya ligi. Nikazituma kwa mfanyabiashara wa kwetu aliyekuwa Kampala. Kwenye njia ya Kasindi, mpakani, wakati ule kila kitu kilikuwa kinaishia mikononi mwa askari, kwa hiyo yule mtu akazipitishia Kamango, kwa dada yake anayeuza sokoni. Paluku akaambiwa azifuate huko.

Mnajua yaliyofuata, lakini nataka kuyaandika kwa mkono wangu, maana mpaka leo ni ninyi tu mlioyaandika.

Karatasi ya njia, ile ya ruhusa ya kusafiri, aliipata kwenye bureau ya wale waasi waliokuwa wanatawala Butembo wakati ule. Siandiki jina la chama chao kwa sababu sijui leo wanaitwaje. Wakati Paluku yuko Kamango akingoja mzigo, wakubwa wao wakagombana, wakagawanyika, na upande mmoja ukajipa jina jipya na muhuri mpya. Askari walibaki walewale, kofia zilezile, kwenye bariyeri ileile iliyozuia njia ya kurudi Beni. Yule mama muuza maharagwe aliyekuwa amepanda lori moja naye alikuja kuwasimulia, na Kasereka ukaniandikia neno kwa neno.

Askari akashika karatasi ya Paluku, akatazama muhuri. «Hii cachet ni ya nani?»

«Ni ya mouvement yenu, chef.»

«Mouvement ile ilishakufa. Sisi tuko na jina ingine. Donc weye uko mutu ya bale bengine.»

Na Paluku, mwalimu, ambaye maisha yake yote hakuweza kuona kosa bila kulisahihisha, akamwambia: «Chef, jina njo limebadilika, mais batu ni balebale.»

Watu wa kwenye lori walicheka. Yule mama alisema walicheka kweli, hata yeye, maana ilikuwa sahihi mno. Nimefikiri sana juu ya kicheko kile. Naona askari angeweza kuvumilia maneno, lakini si kuchekwa mbele ya abiria. Wakamteremsha na gunia lake. Lori likaamriwa liondoke, na walipofika kwenye kona wakasikia risasi. Watu wa Kamango ndio waliomzika, kwenye kikanisa chao, Mungu awakumbuke. Baada ya wiki mbili yule mama alipita tena pale, akakuta askari wa bariyeri wamevaa jezi za timu yangu, mmoja namba tisa, wanacheza mpira barabarani wakingoja gari lingine.

Kwa hiyo mkisema Paluku aliuawa na vita, ni kweli, na ninawalaani waliomuua kila siku, kwa jina lolote wanaloitwa. Lakini kilichompeleka kwenye njia ile si vita. Alikwenda kutafuta ushahidi wa kitu ambacho hakikuwepo. Mimi nilijua hakipo, na neno moja tu lingemzuia: hapana. Angecheka, angemnunulia Muhindo pombe ya kasiksi, angebaki nyumbani kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Nilikinyima kinywa changu neno hilo kwa sababu nilitaka kuwa wa kwanza.

Nirudi kwenye ngazi. Nilikuwa juu nakwangua, nimefika kwenye herufi ya mwisho ya lile neno, na Len amesimama chini anashika ngazi isiteleze. Akatazama ukuta, akasema, bila kumwambia mtu yeyote: «Jina limebadilika, lakini watu ni walewale.»

Nilishuka, nikakaa chini. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia kaka yangu aliuawa kwa kusema sentensi hiyo. Sikumweleza zaidi, Kiingereza changu kilikuwa kimekimbia. Len akanipokonya kisu taratibu, akapanda mwenyewe, mzee wa magoti mabovu, akamalizia. Kisha akaniletea chai. Siku ile ndipo nilipoamua kuandika barua hii, na imenichukua wiki nzima kwa sababu kila nikiandika nachana.

Baba Kakule, sasa nazungumza na wewe, kwa heshima yote ya mtoto kwa baba. Jibu langu ni hapana. Msiniwekee nyumba ile. Kambale si wa kwanza, na hakuna mkutano unaoweza kumfanya awe wa kwanza. Mkinipandisha leo mtakuwa mmefanya kama wakuu wa mpira wa huku: wa kwanza ameondoka, basi wa pili abandikwe jina lake, na mimi sijafunga bao lolote. Zaidi ya hapo, Baba, uniwie radhi, jiangalie wewe mwenyewe. Wewe ni Kakule. Wa nne. Wakubwa wako watatu tumewazika wote, marehemu Baba akiwa mmoja wao, na wewe ndiye mkubwa wa ukoo mzima leo. Mbona hakuna mtu hapo Rughenda aliyewahi kukuita Paluku, jina la mzaliwa wa kwanza? Ni kwa sababu waliotupa majina haya walijua kwamba mtu akifa nafasi yake inabaki na jina lake. Wa nyuma hasogei.

Najua utakasirika. Najua unaweza kusema mtoto huyu amekaa Ulaya ameharibika kichwa. Sema hivyo, lakini usimtoe Kavira katika ile nyumba. Ukimtoa, usiseme ni kwa ajili ya Kambale. Itakuwa ni kwa ajili yako.

Kavira, shemeji yangu, kwako nimeandika mistari mingi nimeikata. Umekuwa mjane kwa sababu ya majivuno yangu. Nimesema. Sikuombi unisamehe mbele ya watu, wala mtu asikusukume. Ukitaka kunilaani, una haki. Nyumba ni yako na ya watoto wako, iwe utanisamehe au hutanisamehe, na barua hii uitunze wewe, si Baba Kakule. Siku yoyote atakayekuja kukuambia nyumba ni ya Kambale, mwonyeshe mwandiko wa Kambale.

Mama, wewe ulilia kwa furaha uani pa kanisa. Machozi yale nilikuibia. Kama baada ya leo hutataka Kasereka akusomee barua zangu, nitaelewa, ingawa sijui nitaishije. Bado nitaandika. Mgongo wako usiulazimishe. Wasingya, asante kwa kunizaa, hata wa pili.

Nisalimieni nyanya upande wa Baba, kama bado anasikia, mwambieni kwa sauti kubwa. Nisalimieni shangazi mkunga, aliyetupokea sote watatu kwa mikono yake na kutuita kwa mpangilio. Msalimieni katekista, mwambieni nimekosa sakramenti nyingi na nitakuja kuzieleza. Mke wa Kasereka nampa pole kwa mume anayekohoa. Na Muhindo, fundi wa redio, mwambieni kwamba alikuwa na haki, alisema kweli. Msimwambie pembeni. Mwambieni uani pa kanisa, baada ya misa ya pili, palepale Paluku aliposomea barua yangu, na watu walewale wasikie.

Masika, mtoto wa kaka yangu, nimekuweka mwisho kwa sababu wewe ndiye uliyeuliza. Umeuliza kama ekipe yangu ingali ya kwanza. Baba yako naye aliniuliza hivyohivyo, nami sikumjibu.

Hapana, Masika. Ni ya pili, na ilikuwa ya pili siku zote. Huku hawana mtu wa kuwaambia kwamba wa pili ni wa pili, kwa hiyo wanabadilisha jina kila wakichoka. Wewe jina lako maana yake unaijua, kila mtu hapo anaijua: mtoto wa kike wa kwanza. Hakuna aliyekubandika na hakuna wa kukubandua. Wakija kuuliza wa kwanza wa nyumba ile yuko wapi, simama mlangoni ujibu.

Ni mimi baba yako mdogo, niliye wa pili tangu nizaliwe,

Kambale